Kisangani yaaga mwaka 2024: wahami wa Lubunga wanangoja njia ya shamba

KISANGANI, 31 Desemba 2024. – Usiku wa leo mji wa Kisangani unavuka mwaka. Makanisa ya Makiso, Mangobo, Tshopo na Kabondo yanatayarisha mkesha. Katika avenyu nyingi vijana wamechanga pesa kidogo kidogo za kununua kuku, kwanga na mafuta ya jenereta, kwa sababu hakuna anayethubutu kuahidi kwamba umeme utakuwepo mpaka saa sita ya usiku. Watu wameanza kusalimiana "Bonana" kabla ya wakati wake. Aliyepata nguo mpya za watoto anamshukuru Mungu, na aliyekosa amefua zile za zamani na kuzipiga pasi.

Lakini wako wakaaji wa mji huu ambao mwaka wao haukuanza tarehe 1 Januari na hautaisha usiku huu. Ni wakimbizi wa ndani, wahami waliotoka Lubunga na vijiji vya ng'ambo ya kushoto ya mto tangu mapigano kati ya Wambole na Walengola yalipozuka mwezi wa 2 mwaka 2023. Wao wanahesabu miezi tangu siku waliyofunga mlango, au siku waliyokimbia bila kuufunga. Kwa wale waliotoka kwanza, miezi hiyo sasa imepita 22. Ukimwuliza mzee wa namna hiyo mwaka 2024 ulikuwaje, huenda akakuuliza kwanza: ni mwaka gani huo uliokwisha?

Swali lake si la mzaha. Mwaka wa mkulima unakwisha akivuna na unaanza akifyeka. Mtu ambaye hajafyeka wala kuvuna tangu 2023 hana njia ya kusema kwamba mwaka umekwisha.

Mwaka ulivyopita

Mwaka 2024 ulianza na maji. Mwezi wa 1 mto Kongo ulipanda kupita kawaida. Kule Kinshasa kipimo kilifika mita 6.20, karibu na kile cha mwaka 1961 ambacho wazee bado wanakitaja, mita 6.26. Jimbo la Tshopo lilikuwa kati ya majimbo yaliyopatwa na mafuriko hayo. Kando ya mto vyoo vilijaa, visima vikachafuka, na watu wakakumbuka tena kwamba maji mengi si maji ya kunywa.

Kisha ikaja siasa. Baada ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, wabunge wa majimbo walichagua maliwali mwishoni mwa mwezi wa 4. Tshopo ikapata liwali mpya, Paulin Lendongolia, aliyechukua nafasi iliyokuwa ya Madeleine Nikomba. Mwisho wa mwezi wa 5 serikali mpya ya taifa ikatangazwa, ikiongozwa na Judith Suminwa Tuluka, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu katika nchi yetu. Watu walisikiliza majina ya mawaziri kwenye redio kama wanavyosikiliza matokeo ya mpira: kwanza jimbo letu limepata nini, kisha mengine.

Mwezi wa 8, tarehe 14, Shirika la Afya Duniani lilitangaza ugonjwa wa mpox, ambao wengi huuita ndui ya nyani, kuwa hatari kwa dunia nzima. Kongo inaujua ugonjwa huu tangu mwaka 1970, ulipopatikana kwa mara ya kwanza ndani ya mwili wa binadamu, mtoto mdogo wa jimbo la Équateur. Chanjo zilipoanza kutolewa nchini mwezi wa 10, Tshopo iliwekwa kati ya majimbo 6 ya kwanza ya kuzipokea. Kwa wahami, habari hiyo iliingia moja kwa moja mpaka kwenye mkeka. Ugonjwa unaopita kwa kugusana unataka nafasi, sabuni na maji. Watu 8 wanaolala katika chumba kimoja hawana nafasi, na sabuni ikinunuliwa, kuna kitu kingine hakikununuliwa.

Mwezi huo huo wa 10, tarehe 23, Rais Félix Tshisekedi alikuwa hapa Kisangani. Ni hapa alipotangaza kwamba mwaka 2025 ataunda tume ya kutazama upya Katiba ya nchi. Tangu siku hiyo mjadala haujapoa, toka vyuo vikuu mpaka vituo vya toleka. Wako wanaokubali na wako wanaokataa. Wahami wengi walisikiliza wakiwa na swali lao wenyewe, ambalo halikuwa la muhula wa mtu: Katiba itakayokuja itasema nini juu ya shamba la mtu?

Na mashariki mwa nchi vita viliendelea. Mkutano uliongojewa Luanda tarehe 15 Desemba, ambao wengi walitumaini ungefunga mwaka kwa amani, haukufanyika. Nchi nzima ina wakimbizi wa ndani karibu milioni 7. Katika hesabu kubwa namna hiyo, watu wa Lubunga ni tone. Tshopo haina jina la vita. Haiko chini ya utawala wa kijeshi kama Ituri na Kivu Kaskazini, na majeruhi wake hawatajwi kila asubuhi. Kwa hiyo anayekimbia hapa anakimbia kimya kimya, na msaada nao unamfikia kimya kimya, au haumfikii.

Ardhi iliyoleta damu

Kisangani ina komini 6. Tano ziko ng'ambo ya kuume ya mto: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani yenyewe. Lubunga peke yake iko ng'ambo ya kushoto. Kutoka huko inaanza reli ya zamani ya kwenda Ubundu, kilomita 125, iliyojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita ili mizigo iruke maporomoko ya Boyoma. Kwa muda mrefu Lubunga ndiyo ilikuwa ghala ya mji. Pondu, mihogo, ndizi, mchele, makala na mawese vilivuka mto kila alfajiri, na jioni mitumbwi ikarudi na chumvi, sabuni na nguo.

Wambole na Walengola wameishi huko pamoja muda mrefu. Wameoana, wamezikana, wamegawana visima na makanisa. Ugomvi uliowatenganisha ulizaliwa kwenye ardhi, juu ya eneo kubwa lililotolewa kwa kampuni ya kilimo: nani alikuwa na haki ya kukubali, kwa jina la nani, na nani alikula pesa. Hapo maneno ya ardhi yakawa maneno ya kabila, na maneno ya kabila yakawa mapanga, mishale na bunduki. Mamia ya watu wamekufa. Vijiji vimechomwa. Maelfu kwa maelfu ya watu wamekimbia, wengine msituni, wengine kwa ndugu, wengine mpaka ng'ambo ya kuume, penye maeneo ya wahami kama Konga-Konga na madarasa ya shule.

Mzizi wa jambo hili ni mrefu kuliko ugomvi wenyewe. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 389, iliahidi kwamba haki za wakaaji juu ya ardhi wanayoikalia kwa desturi zitapangwa kwa amri ya Rais. Zaidi ya miaka 50 imepita, na amri hiyo haijatoka. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu na ya jamii iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Mkulima wa Lubunga basi anakaa katikati ya karatasi mbili. Moja inamwambia udongo ni wa Serikali, nyingine inamwambia desturi yake inalindwa. Wakati karatasi hazisikilizani, atakayekuja na karatasi ya tatu, yenye muhuri na mipaka iliyochorwa mbali na kijiji, anaweza kugombanisha ndugu wa tumbo moja.

Ndiyo maana wazee wengi wa pande zote mbili wanasema mahubiri ya kupendana hayatoshi. Watu hawa walikuwa wanapendana. Kilichokosekana ni mpaka unaojulikana na wote na mtu wa kuaminika wa kuusimamia.

Nyumba moja, makabila mawili

Katika kartie moja ya komini ya Kabondo anaishi mama ambaye jirani wanamwita Mama Mapasa, kwa sababu uzazi wake wa mwisho ni mapacha. Yeye ni Mlengola. Mume wake ni Mbole. Walikuwa na shamba la mihogo na mpunga kando ya barabara ya Ubundu, nyumba ya matofali mabichi, mbuzi 4 na baiskeli. Vita vilipoanza, kila upande uliwaona kuwa wa upande mwingine. Waliondoka usiku na watoto 5, jembe moja bila mpini, na sufuria.

Mwaka 2024 wa nyumba hiyo unasimuliwa kwa vitu vidogo. Baba anaendesha toleka kwa baiskeli ya mtu, na kila jioni lazima atoe hesabu ya mwenye baiskeli kabla ya kufikiri juu ya chakula. Pikipiki zimejaa mjini, abiria wa baiskeli wamebaki wale wasio na haraka au wasio na pesa. Mama anatwanga pondu na kuuza vifungu vidogo mbele ya nyumba. Pondu hiyo anainunua. Jambo hilo linamuuma kuliko njaa: mwanamke aliyekuwa akivusha pondu kwa vikapu, leo anaihesabu jani kwa jani mkononi mwa mwingine.

Mtoto wa kwanza, msichana, alirudia darasa. Hakushindwa mtihani. Buletini yake iliungua pamoja na nyumba, na shule ya kwanza walikobisha hodi ilitaka karatasi. Masomo ya shule ya msingi ya Serikali ni ya bure tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, lakini daftari si la bure, sare si ya bure, na mtoto asiye na karatasi huonekana kama mtoto asiye na akili. Mwezi wa 9 mwaka mmoja wa pacha alitoka vipele na homa. Kwa siku mbili jirani hawakutuma watoto wao kuomba moto. Kituo cha afya kilisema ni tetekuwanga. Siku ya tatu jirani wa kwanza alikuja na ndizi mbivu, akakaa, hakuomba radhi, na hakuna aliyemdai.

Katika mwezi wa 11 likatokea jambo ambalo nyumba hiyo italikumbuka kuliko siku ya leo. Kaka wa mama, Mlengola, ambaye tangu 2023 hakuwa ametia mguu kwa dada yake kwa sababu ya kabila la mume, alifika mchana na mkungu wa ndizi begani. Alisimama kizingitini. Mume alikuwa ameinama anaziba tairi.

"Shemeki," alisema mgeni, "mihogo yako imekuwa msitu."

"Najua, shemeki. Na nyumba yako?"

"Imebaki ukuta mmoja."

Hawakusema mengi zaidi. Mama alimenya ndizi, akazitwanga pamoja na mihogo, wakala lituma katika sahani moja. Kabla ya kuondoka, kaka aliuliza kama shemeki wake atakubali waende pamoja kutazama mashamba njia ikifunguka, kwa sababu Mbole akienda peke yake ataogopwa, na Mlengola akienda peke yake ataogopwa, lakini wakienda wawili watu watauliza kwanza kabla ya kupiga. Mume aliendelea kuziba tairi. Kisha akasema atakubali, lakini si kwa siri: wakuu wa vijiji wajue, na askari wajue.

Hayo si mapatano ya amani. Hakuna picha iliyopigwa. Lakini maneno yake yana kitu ambacho mapatano mengi hukosa: nani ataenda, na nani, wapi, na mbele ya nani.

Mama Mapasa ana daftari la shule lenye ganda la kijani. Ndani ameandika tarehe waliyokimbia, ukubwa wa shamba kwa hatua, idadi ya mbuzi, jina la jirani aliyeona nyumba inaungua, na majina ya watu 3 wa ukoo waliokufa na mahali wanapodhaniwa walizikwa. Aliambiwa na mama mmoja mzee wa Makiso aandike. Mzee huyo alikuwa na sababu.

Somo la Siku Sita

Kila mtu wa Kisangani aliye na umri wa kutosha anajua tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000. Kwa siku 6 majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana ndani ya mji, kila moja likifukuza lingine, na mabomu yakaanguka juu ya watu ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote. Wafu wanahesabiwa kuwa zaidi ya 1,000. Nyumba, shule na makanisa viliharibika, na makaburi mengine yalichimbwa uani kwa sababu barabara haikupitika.

Ilichukua karibu miaka 22 mpaka hukumu ya fidia. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye iliiamuru Uganda kulipa Kongo dola milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu walioumizwa na kuuawa, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa utajiri wa asili. Malipo yaligawanywa mara 5, dola milioni 65 kila mwaka, kuanzia mwezi wa 9 mwaka 2022. Mfuko wa kugawa pesa hizo, FRIVAO, una makao yake hapa Kisangani.

Hukumu ni kitu kimoja, na mtu mwenye mguu mmoja anayebisha mlango wa ofisi ni kitu kingine. Mwaka 2024 nao unaisha huku wako wahanga wanaongoja. Kikwazo kimoja kila mara ni kile kile: ushahidi. Cheti cha kifo kiko wapi? Karatasi ya hospitali iko wapi? Nani aliona? Waliosaini kama mashahidi mwaka 2000 wengine wamekufa. Nyumba zilizoanguka zimejengwa upya na wenye nyumba wapya. Mtoto aliyekuwa na miaka 4 siku ya mabomu leo ana miaka 28, na anatakiwa kueleza kitu alichokiona akiwa mgongoni mwa mama yake.

Hilo ndilo somo ambalo wazee wa ng'ambo ya kuume wanawapa wahami wa ng'ambo ya kushoto. Uchungu hausahauliki, lakini tarehe husahaulika, na ofisi huuliza tarehe. Kwa hiyo mwenye kalamu aandike sasa: siku, mahali, mali, mashahidi wawili au watatu, na ikiwezekana mmoja wao awe wa kabila lingine. Karatasi ya kituo cha afya isitumiwe kufungia karanga. Kadi ya kura, ambayo wengi wetu tunaitumia kama kitambulisho, ipigwe picha kwa simu na picha ipelekwe kwa ndugu wawili. Mtoto aliyezaliwa katika eneo la wahami aandikishwe kwa ofisi ya serikali ya mahali, asije akaambiwa siku moja kwamba hakuzaliwa popote. Asiyejua kuandika asione haya kumwomba mwalimu, katekista au mwanafunzi wa jirani. Daftari moja lina bei ndogo kuliko miaka 22.

Matumaini yenye tarehe

Usiku wa leo watu wengi watasema "mwaka huu utakuwa mzuri" bila kusema kwa nini. Wahami hawawezi kutumaini hivyo. Matumaini yao yana kalenda, na kalenda hiyo inafuata mvua.

Hapa kwetu, karibu na ikweta, mvua hupungua kati ya mwisho wa Desemba na Februari. Huo ndio wakati wa kufyeka, kuangusha miti na kuchoma. Mwezi wa 3 mvua ikirudi, mpunga na mahindi vinaingia udongoni. Mpunga unavunwa katikati ya mwaka, lakini muhogo unataka mwaka mzima au zaidi. Maana yake ni wazi. Familia itakayoweza kufyeka kabla ya mwisho wa Februari 2025 inaweza kula mchele wake mwenyewe mwezi wa 8 na muhogo wake mwaka 2026. Familia itakayokosa miezi hii miwili itategemea mkono wa wengine mwaka mwingine mzima. Mkutano ukiahirishwa kwa wiki tatu, ofisini ni wiki tatu tu. Shambani ni msimu.

Kwa hiyo tumaini la kwanza ni njia ya shamba, na tumaini hilo lina wenyewe: serikali ya jimbo, jeshi na polisi. Wahami hawaombi kurudishwa kwa nguvu vijijini ambako nyumba hazipo. Wengi wanaomba kitu kidogo kuliko hicho: siku maalumu za juma za kwenda shambani na kurudi, barabara yenye ulinzi usiotoza pesa kizuizini, na wakuu wa vijiji wa makabila yote mawili wanaotembea pamoja nao.

Tumaini la pili ni juu ya ile ardhi iliyoleta ugomvi. Karatasi zake zisomwe mbele ya watu, kijijini, kwa lugha wanayoisikia, si kwa Kifaransa cha ofisi peke yake. Mipaka ionyeshwe kwa miguu, mti kwa mti, kijito kwa kijito. Ikiwa Katiba itafunguliwa mwaka 2025 kama ilivyotangazwa hapa Kisangani, basi wawakilishi wa Tshopo wana neno la kusema juu ya amri ya ardhi ya desturi ambayo imengojewa tangu 1973.

Tumaini la tatu ni la shule. Wakurugenzi wa shule wanaweza kumpima mtoto kwa swali badala ya karatasi, na shule za Lubunga zilizofungwa zinaweza kutoa majina ya wanafunzi wao kwa shule zilizowapokea. Kazi hiyo haingoji pesa za kutoka nje. Inataka walimu wawili wakae mezani siku moja.

Tumaini la nne ni matanga. Familia nyingi hazijalia wafu wao ipasavyo, kwa sababu mwili haukuonekana au kwa sababu waombolezaji wa upande wa mama hawakuthubutu kuvuka kwenda upande wa baba. Mtu asiyeliliwa anaendelea kugombanisha walio hai. Wazee wa Wambole na wa Walengola wakikubali siku moja ya kulia pamoja, bila hotuba ndefu na bila kuulizana nani alianza, watakuwa wamefanya kazi ambayo mkutano wa mjini hauwezi kuifanya. Haki mahakamani ifuate njia yake kwa waliochinja na waliochoma. Kulia pamoja hakufuti kesi.

Na liko tumaini la tano, lililo mikononi mwa kila mwenye simu. Mara nyingi mwaka huu sauti iliyorekodiwa na mtu asiyejulikana ilizunguka toka simu mpaka simu ikisema kijiji fulani kinaungua, na kabla ya kujua ukweli watu walikuwa wameshika mapanga. Anayepokea sauti kama hiyo amwulize anayeituma: wewe umeona? Kama hakuona, isipite kwake. Redio ipo, wakuu wa kartie wapo, jirani wa ng'ambo yupo na namba yake inajulikana.

Wenyeji wa ng'ambo ya kuume nao wana sehemu yao. Wengi wamegawana chumba, kisima na sufuria na watu wasio wa ukoo wao tangu 2023, bila kusifiwa popote. Wamechoka, na kuchoka si dhambi. Bei sokoni zimepanda, dola moja mwishoni mwa mwaka 2024 ilikuwa karibu franka 2,800, na kodi ya nyumba haingojei amani. Likelemba za akina mama ambazo zimewafungulia mlango wahami, hata kwa mchango mdogo kuliko wa wengine, zimeonyesha kwamba mgeni akipewa zamu yake ya kupokea, ananunua mtaji, haombi tena. Jambo hilo linaweza kuigwa katika kartie nyingine mwaka unaokuja.

Kesho asubuhi, baada ya mkesha, mitumbwi itavuka kama kawaida kati ya Makiso na Lubunga. Watu watapeana mkono na kusema Bonana, Mbole kwa Mlengola, mwenyeji kwa mhami, kwa sababu salamu haikatazwi na mtu. Kazi inaanza kesho kutwa. Siku 59 zinabaki mpaka mwisho wa Februari, na kila siku ambayo njia ya shamba itabaki imefungwa itaonekana kwenye sufuria mwezi wa 8. Walio na mamlaka wahesabu siku hizo pamoja na wahami. Walio na kalamu waandike. Walio na shemeki wa upande mwingine wampigie simu.

Bonana kwa walio ng'ambo zote mbili za mto, kwa walio njiani, na kwa wale wanaolala usiku huu chini ya turubai. Mwaka 2025 uwape mlango wa kufunga na kufungua wenyewe.